Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: mpimeni mtoto wa selimundu kichwani kabla kiharusi hakijamfika

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Ndugu Katibu Mkuu,
Waganga Wakuu wa Mikoa,

YAH: KIPIMO CHA DOPLA YA MISHIPA YA UBONGO KWA WATOTO WENYE SELIMUNDU

Nawasalimu kwa heshima, na poleni na majukumu.

Mimi ni fundi cherehani, mkazi wa Kanda ya Ziwa, mama wa watoto wawili wenye selimundu, au sikoseli kama wengi tunavyoiita tukiwa kliniki. Naandika kwa ajili ya milango miwili iliyoko kwenye korido moja ya hospitali. Nyuma ya mlango wa kwanza kuna mashine ya CT, ile inayopiga picha za ndani ya mwili kwa eksirei. Nyuma ya mlango wa pili, hatua kama kumi na tano mbele yake, kuna altrasaundi ya moyo. Mwanangu wa kwanza aliingizwa mlango wa kwanza akiwa na miaka saba, siku moja baada ya kupigwa na kiharusi. Ule wa pili alikuwa ameupita kila mwezi kwa miaka mitano, nimemshika mkono, tukienda na kurudi kliniki, na hakuna aliyewahi kutuambia tuingie. Altrasaundi ile inaweza pia kupima kasi ya damu kichwani na kuonyesha hatari ya kiharusi mapema; kipimo hicho ndicho kinaitwa dopla. Barua hii yote ni ya kuomba watoto wetu wafunguliwe mlango huo wa pili.

Niwaeleze asubuhi ile ilivyokuwa, maana naamini wengi wenu mmeisoma kwenye taarifa kama tarakimu tu. Alikuwa darasa la pili. Usiku wake aliandika namba hadi mia kwenye daftari la mistari mipana, akanionyesha, nikamsahihishia 67 aliyoigeuza. Alfajiri nikamwamsha. Akakaa kitandani anafunga vifungo vya shati la shule, shati nililomshonea mwenyewe. Mkono wa kulia ukawa unafika kwenye kifungo, unateleza, unarudi, unateleza tena. Nikamwambia, baba, acha utani, tunachelewa. Aliponigeukia ndipo nikaona mdomo umekwenda upande.

Jirani mmoja alisema ni upepo mbaya. Mwingine akasema degedege, tumwagie maji. Tukapanda bajaji. Kesho yake daktari alinyanyua picha ya CT kwenye mwanga wa dirisha, akanionyesha kivuli upande wa kushoto wa ubongo, akaniambia taratibu kwamba sehemu ile damu haikufika. Nikamuuliza kama jambo hili lingeweza kuonekana mapema. Alinyamaza kidogo, akasema, "Kwa kipimo kingine, ndiyo, mama."

Nilirudi nyumbani nikaitoa kadi yake ya kliniki kwenye mfuko wa nailoni ninamoihifadhi. Uzito upo. Wingi wa damu upo. Foliki, penisilini, tarehe ya kurudi, mihuri, vyote vipo, vimejazwa kwa mwandiko safi mwezi baada ya mwezi. Wauguzi wale walifanya kila walichoagizwa kufanya na siwalaumu. Ila katika kadi nzima hapakuwa na sehemu ya kuandika damu inapita kichwani kwa kasi gani. Hakuna aliyeagizwa kuipima.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma na kuuliza. Yupo daktari mmoja na mtaalamu mmoja wa altrasaundi walionivumilia kwa maswali mengi kuliko walivyolipwa kuyajibu. Nilichojifunza nakiandika hapa kwa lugha ya kawaida, ili mzazi mwenzangu atakayeisoma barua hii ajue anachokiomba akifika dirishani.

Katika selimundu chembe nyekundu za damu hukakamaa na kujikunja kama mundu. Zinakwaruza kuta za mishipa kwa ndani, na hasa ile mishipa mikubwa inayoingia ubongoni kutoka shingoni. Kuta zinanenepa, njia inakuwa nyembamba. Wakati huohuo mtoto ana upungufu wa damu, kwa hiyo ubongo unadai damu iletwe haraka zaidi ili utosheke. Aliyewahi kubana mdomo wa mpira wa maji kwa kidole anajua kinachofuata: maji yanaruka kwa nguvu. Damu nayo, njia ikibanwa, inakimbia. Ukiweza kupima mbio hizo, umeuona mshipa unaoziba miezi au hata miaka kabla haujaziba, wakati mtoto bado anacheza na hana dalili yoyote.

Na mbio hizo zinapimika kutoka nje ya kichwa. Mtoto analazwa chali, anapakwa jeli ya baridi kwenye panja, mbele ya sikio na juu kidogo ya mfupa wa shavu, kwa sababu hapo fuvu ni jembamba. Kifaa cha mkononi, wenyewe wanakiita proba, kinawekwa hapo. Kinatuma sauti ambayo sikio la binadamu haliisikii. Sauti hiyo inagonga chembe za damu zinazokimbia, inarudi ikiwa imebadilika, na mashine inahesabu mabadiliko hayo. Ukisimama kando ya barabara basi likipita linapiga honi, honi ni kali likija na inashuka likishakupita; kanuni ni ileile, na aliyeieleza ni Christian Doppler wa Austria, mwaka 1842. Hakuna sindano, hakuna mionzi, hakuna dawa ya usingizi. Nusu saa imekwisha.

Haikuwa hivi siku zote. Njia ya kwanza ya kuona mishipa ya ubongo wa mtu aliye hai aliianzisha Egas Moniz, daktari wa Ureno, mwaka 1927: kudunga dawa ndani ya mshipa mkubwa wa shingo, kisha kupiga eksirei dawa inapopita. Njia hiyo imeboreshwa sana na bado inatumika kwa wanaoihitaji. Lakini nani angekubali mtoto wake anayekimbia na kuruka kamba atobolewe mshipa kila mwaka ili kuangalia tu? Ndiyo maana alichokifanya Rune Aaslid, Mnorwe aliyekuwa Bern huko Uswisi, mwaka 1982, kilikuwa kikubwa. Alionyesha kwamba kupitia panja la mtu unaweza kusikia mishipa ya ubongo na kupima kasi yake bila kumchubua hata ngozi.

Miaka kumi baadaye Robert Adams na wenzake huko Augusta, jimbo la Georgia, Marekani, walikuwa wameshaonyesha kwamba watoto wa selimundu ambao damu yao inakimbia sana ndio wanaopata kiharusi. Wakaweka mipaka ambayo hadi leo dunia inaitumia. Chini ya sentimita 170 kwa sekunde, mtoto anarudi mwakani. Kati ya 170 na 199, anaangaliwa kwa karibu. Ikifika 200 au kupita, kati ya watoto kumi wa namna hiyo mmoja hupata kiharusi ndani ya mwaka mmoja asipotibiwa. Futi yangu ya kupimia nguo inaishia sentimita 150. Damu ya watoto hawa, kwa sekunde moja, inaruka kuzidi urefu wa futi ile, ndani ya mshipa ulio mwembamba kuliko kalamu.

Halafu walifanya jaribio lililomaliza ubishi. Walichukua watoto 130 waliofika 200 au zaidi. 63 wakaongezewa damu mara kwa mara, 67 wakaendelea na matibabu ya kawaida. Kati ya wale 67, watoto 11 walipata kiharusi. Kati ya wale 63, mmoja. Jaribio lilisimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu haikuwa haki kuendelea kuwaacha wengine bila damu, na matokeo yakachapishwa mwaka 1998. Mwaka 1998, Mheshimiwa, mimi mwenyewe nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Elimu ya kumkinga mwanangu ilikuwepo kabla sijajua kuingiza uzi kwenye sindano.

Huko California, mara kipimo kilipoingia kliniki, viharusi vya mara ya kwanza kwa watoto wa selimundu vilishuka kwa zaidi ya robo tatu kufikia mwaka 2000. Nawaeleza pia upande wa pili, kwa sababu ndio unaotuhusu zaidi. Katika Marekani hiyohiyo, kituo chao cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilipoangalia watoto wenye Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, kikakuta kwamba mwaka 2019 chini ya nusu yao walikuwa wamepimwa. Nchi yenye mashine kila kona! Kwa hiyo kununua mashine hakutoshi. Lazima awepo mtu mwenye mamlaka anayesema mtoto huyu apimwe, lini, na nani, na jibu liandikwe wapi.

Mashine tumeshanunua. Fedha za mpango wa UVIKO-19, ile trilioni 1.3, zilileta CT kwenye hospitali za rufaa za mikoa, na siku mwanangu alipougua nilishukuru kwamba sikulazimika kumsafirisha mbali. Hilo nitalisema popote. Altrasaundi nazo zimesambaa. Lakini CT ile ilinionyesha hasara iliyokwisha kutokea. Ile ambayo ingenionyesha hatari ilikuwa hatua kumi na tano mbele, na inafanya kazi hiyo bila gharama ya mionzi wala filamu.

Niliambiwa na mtaalamu wa altrasaundi jambo ambalo sikulijua, na nadhani hata baadhi ya viongozi hawalijui. Kuna mashine ndogo maalumu ya dopla ya kichwa, isiyotoa picha, yenye sauti na mawimbi tu. Ndiyo iliyotumika kwenye majaribio yale. Lakini altrasaundi ya kawaida ya moyo, yenye proba ile ya uso mdogo inayotupa picha mfano wa upepeo uliofunguliwa, inaweza kuona mishipa hiyohiyo kupitia panja, kwa picha na rangi. Inahitaji mpangilio wa kichwa uwekwe kwenye mashine, na mpimaji aliyefundishwa. Kuna tahadhari moja: altrasaundi ya picha huelekea kusoma chini kidogo kuliko ile mashine maalumu, kwa hiyo mpaka wa hatari nao hushushwa kidogo, na mwongozo lazima useme wazi mpimaji anatumia mashine ipi. Hayo ni mambo ya kuandikwa kwenye ukurasa mmoja na kubandikwa ukutani.

Sasa binti yangu.

Alizaliwa baada ya kaka yake, akapimwa damu mapema kwa sababu tulishajua tuna nini ndani ya nyumba. Alipotimiza miaka minne nilikopa nauli kwenye kikundi cha akina mama, nikampeleka hospitali kubwa ya mbali ambako niliambiwa wanapima. Sista aliyetupokea alinipa sharti moja: asilale, na asilie. Mtoto akisinzia, damu ya kichwani inaongeza kasi na jibu linadanganya; akilia sana, linadanganya pia. Akiwa na homa, anarudishwa siku nyingine. Kwa hiyo nusu saa nzima nilikuwa namsimulia hadithi ya sungura na fisi huku nimeshika mguu wake, na kila macho yakitaka kufumba namtekenya unyayo. Chumba kilikuwa na giza kidogo. Mpimaji alikuwa anasogeza ile proba kwa unywele mmoja mmoja, anasikiliza. Ghafla sauti ikatoka kwenye mashine, shuu, shuu, shuu, kama cherehani ya kukanyaga inayosikika kutoka nyumba ya jirani. Binti yangu akauliza, "Mama, ni wewe unashona?"

Upande wa kushoto 158. Upande wa kulia 206.

Hakuwa na dalili hata moja. Asubuhi hiyo alikuwa amemaliza chapati mbili kwenye stendi. Bila ile proba ningemrudisha nyumbani nikasubiri na yeye ashindwe kufunga kifungo. Badala yake aliongezewa damu mara tatu, wajomba zake wakajitolea, na wakati huohuo akaanzishiwa haidroksiurea, dawa ya kumeza ya selimundu. Leo ni mwaka na nusu. Kipimo cha mwisho upande wa kulia kilisoma 172. Bado tunamwangalia, daktari amesema tusibweteke. Lakini anaimba kwaya ya watoto na anafunga viatu vyake mwenyewe.

Kaka yake ana miaka kumi. Anatembea, mguu unaburura kidogo. Anajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Mashati yake siku hizi nayashona bila vifungo, yanavaliwa kichwani kama fulana, ili asubuhi asihitaji kuomba msaada mbele ya wenzake bwenini. Watoto hawa wana baba mmoja, mama mmoja, ugonjwa mmoja. Kilichowatofautisha ni nauli ya basi na mtu aliyeniambia kwamba kipimo kipo.

Najua swali litakaloulizwa mezani kwenu, kwa sababu nimeshaulizwa: tukiwapima wote, hao watakaokutwa na hatari tutawapa nini? Damu yenyewe haitoshi wajawazito na wenye ajali. Swali ni la haki. Kumwongezea mtoto damu kila mwezi kwa miaka, hapa kwetu, ni kazi ngumu, na damu nyingi inajaza madini ya chuma mwilini hadi yanadhuru ini na moyo. Lakini jibu limeshapatikana, na safari hii limepatikana Afrika. Nigeria, kwenye miji ya Kano na Kaduna, walipima watoto kwa dopla na waliokutwa na 200 au zaidi wakapewa haidroksiurea, dawa ya kumeza mara moja kwa siku, wakaonyesha kwamba mpango huo unawezekana kwenye hospitali za kawaida zenye watoto wengi. Watoto wa Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale walifuatiliwa kwenye utafiti mwingine wa dawa hiyohiyo, matokeo yakatoka mwaka 2019: maumivu yalipungua, malaria ilipungua, uhitaji wa damu ulipungua, na vifo vilipungua. Mulago kule Kampala wamepima watoto wao vichwa. Na nyumbani kabisa, Bugando, Mwanza, wataalamu wetu wenyewe walifundishwa kupima dopla, watoto waliokutwa na kasi kubwa wakapewa haidroksiurea, na kasi ikashuka. Mwongozo wa mwaka 2020 wa chama cha madaktari wa damu wa Marekani unatamka kwamba watoto wapimwe kila mwaka, kuanzia miaka 2 hadi 16, na kwamba pale ambapo kuongeza damu mara kwa mara hakuwezekani, haidroksiurea itumike.

Kwa hiyo anayesema hatuna cha kuwapa, amechelewa kupata habari. Utafiti una mwanzo na mwisho wake, unafungwa, ripoti inaandikwa, wafadhili wanaondoka. Watoto wanaendelea kuzaliwa. Wizara yenyewe kila Juni 19, siku ya selimundu duniani, hututajia kwamba watoto wapatao 11,000 au zaidi huzaliwa na ugonjwa huu nchini kila mwaka, na kwamba tuko miongoni mwa nchi tano zenye watoto wengi zaidi. Jaribio lile la Marekani lilipopima watoto ili kupata wa kuwashirikisha, karibu mmoja kati ya kumi alikutwa amevuka 200. Hesabu iliyobaki mnaiweza kuliko mimi.

Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa imeanza kupandikiza uloto, yaani ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, kwa watoto wa selimundu. Nilifurahi hadi nikalia niliposikia. Ila kwa mtoto mmoja anayefika kule, wako maelfu ambao mwaka huu wanachohitaji ni jeli, nusu saa na mtu aliyefundishwa.

Basi ninachoomba, Mheshimiwa, ni hiki.

Toeni waraka. Utamke kwamba kila mtoto wa selimundu kuanzia miaka 2 hadi 16 apimwe dopla ya kichwa mara moja kwa mwaka, katika kila hospitali ya rufaa ya mkoa yenye altrasaundi ya moyo. Siku moja kwa mwezi inatosha kuanzia, na iwe siku ileile ya kliniki ya selimundu, kwa sababu mzazi anayetoka kijijini na watoto wawili hana nauli ya kurudi Alhamisi. Kadi ya kliniki iongezewe mistari miwili: kushoto, kulia. Nesi akikuta mistari iko wazi kwa zaidi ya mwaka, aulize. Mimi ningeuliza mwenyewe kama ningeona nafasi tupu inanitazama.

Fundisheni watu wawili kila hospitali. Tafadhali msifundishe mmoja. Nimeona mwenyewe huduma ikifa mkoa mzima kwa sababu mtu aliyejua kazi amepata uhamisho, na mashine ikafunikwa kitambaa hadi leo. Anayeweza kufundishwa si lazima awe daktari bingwa. Na walimu tunao: waliojifunza Bugando, waliopima watoto Muhimbili, na zile timu za Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete zinazozunguka mikoani kwa tiba mkoba. Timu hizo huja na mashine za moyo na watu wanaozijua. Zikifika mkoani, zitenge nusu siku kwa watoto wa selimundu, na mfanyakazi wa hospitali husika akae pembeni ya mpimaji ajifunze.

La malipo lina kona yake chungu. Mtoto chini ya miaka mitano, sera inasema atibiwe bila malipo. Akitimiza mitano, dirisha linabadilika. Selimundu haijui siku ya kuzaliwa. Hatari ya kiharusi inaanza mapema, ni kubwa kwenye ile miaka ya mwanzo, na inaendelea hadi ujana. Mwanangu alipigwa na miaka saba, miaka miwili baada ya msamaha wake kwisha. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 sasa inatekelezwa. Kipimo hiki kiingizwe kwenye kitita kwa jina lake, kwa umri wote huo hadi miaka 16, na haidroksiurea iwe ndani pia. Na Bohari ya Dawa iihesabu haidroksiurea kama dawa isiyotakiwa kukatika. Mwaka jana tulikaa wiki sita dukani hakuna, kliniki hakuna. Nilikuwa nagawa vidonge kwa jicho, nikiomba 172 isirudi kuwa 206.

Kuna mambo mengine ya picha ambayo madaktari wanayataka na wana haki. MRI, mashine ya kupiga picha kwa sumaku, inaonyesha viharusi vya kimya, vile ambavyo mtoto hapoozi ila anaanza kushindwa darasani bila mtu kujua sababu. Ni picha nzuri mno, haina mionzi. Lakini mtoto mdogo hawezi kutulia ndani yake bila dawa ya usingizi, na mashine zenyewe ni chache. Itakuja zamu yake. Na watoto wengi zaidi wangepimwa kama wangetambuliwa tangu kuzaliwa, wodi ya wazazi, kwa tone la damu ya kisigino. Hilo nalo tunalisubiri. Nisingependa dopla iwekwe foleni nyuma ya hayo. Mashine yake iko ndani ya jengo leo.

Waganga Wakuu wa Mikoa, nyinyi hamhitaji kusubiri waraka wote ukamilike. Mganga anaweza kumwita mtu wa altrasaundi ofisini kwake wiki hii, akamuuliza maswali mawili: proba ya moyo tunayo? Nani anaweza kwenda kujifunza mwezi ujao? Nimeambiwa na wanaojua kwamba hapo ndipo inapoanzia.

Sisi wazazi tuna upande wetu. Kikundi chetu cha kliniki kina wazazi thelathini na wawili. Tumekubaliana kuandika orodha ya watoto, umri wao, na simu za wazazi, ili siku ikipangwa tupigiane na tupeane nauli. Tumekubaliana kuwafundisha watoto kabla hawajaja: wasile pipi za kuwalaza, wasitishwe na giza la chumba, wazoee kulala chali bila kusinzia. Mimi nimejitolea kushona mito midogo ya kuwekea kichwa, ya ukubwa wa watoto, kwa sababu ile ya hospitali ni ya watu wazima na inasukuma shingo mbele. Vitambaa vimeshapatikana. Mito kumi iko tayari, nimeipanga kwenye kabati la wateja.

Kliniki yetu ni Jumanne ya kwanza ya kila mwezi. Huwa tunamaliza saa sita. Kuanzia saa nane mchana siku hiyo chumba cha moyo hakina wagonjwa. Nimekwenda kuangalia Jumanne nne mfululizo, mlango uko wazi, mashine imefunikwa, kiyoyozi kinawaka. Tunaomba muda wa saa mbili tu wa Jumanne hiyo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mama wa wawili, fundi cherehani
Kanda ya Ziwa